Rangi ya dashibodi iliyobanduka: je, ni lazima kuchubua hadi kwenye plastiki?

Msomaji wetu mmoja wa Uyole, Mbeya, ana gari dogo la Kijapani alilolinunua likiwa limekwisha kutumika. Vipande vya pambo vya dashibodi yake ni vya rangi ya fedha, na vimechakaa: kile kinachozunguka redio na vitufe vya kiyoyozi kimebanduka kwenye kingo, na vile vya milangoni vina mikwaruzo ya pete na funguo. Mwezi wa saba aliamua kuvipaka mwenyewe nyumbani kwa rangi ya kopo ya kupuliza. Kipande kimoja kilifanya mikunjo kama utando wa maziwa yaliyopoa; kingine kilipendeza kwa wiki mbili, kisha rangi ikaanza kutoka kwa maganda kila alipoigusa kwa ukucha. Fundi mmoja amemshauri avisugue vyote kwa thina hadi plastiki ibaki tupu, ndipo aanze upya. Anauliza kama ushauri huo ni sahihi, na kama kweli kazi hii inawezekana nyumbani.

Dada yangu, kazi hii inafanyika nyumbani, tena ikifanywa kwa subira hutoa kipande ambacho abiria hawezi kukitofautisha na kilichotoka kiwandani. Ushauri wa thina, hata hivyo, usiufuate. Vipande vingi vya pambo hutengenezwa kwa plastiki iitwayo ABS, au kwa mchanganyiko wa ABS na polikaboneti, na thina ya rangi za magari huiyeyusha plastiki hiyo pamoja na rangi iliyo juu yake. Mwanzoni utaona rangi inakuja vizuri kwenye kitambaa. Ukigusa baada ya dakika chache utakuta uso umekuwa laini na unanata vidoleni, na ukikauka unabaki na mawimbi ambayo hakuna msasa utakaoyanyoosha bila kukipunguza kipande chenyewe. Penye matundu ya skrubu na kwenye meno ya klipu huweza kutokea nyufa nyembamba siku kadhaa baadaye. Kipande kilichofika hapo hakirudi. Petroli si afadhali, kwa kuwa nayo hudhoofisha plastiki hizo, na mvuke wake hushika moto kabla hujajua moto umetokea wapi.

Wala huna sababu ya kuchubua kila kitu. Rangi ya kiwandani ambayo bado imeshika barabara ni msingi bora kuliko wowote utakaoutengeneza mwenyewe, kwa sababu iliwekwa juu ya plastiki safi na imekwisha kuvumilia miaka ya jua na baridi. Kinachopaswa kutoka ni kile tu kisichoshika, na namna ya kukitambua haihitaji kifaa cha gharama. Chukua wembe mpya, na kwenye pembe isiyoonekana chora mistari sita iliyoachana kwa milimita 2 hivi, kisha chora mingine sita ya kuikata, upate vyumba vidogo kama vya daftari la hesabu. Bandika selotepu juu yake, isugue kwa ukucha hadi ishike kila mahali, kisha ivute kwa mkupuo mmoja. Vyumba vikibaki vyote mahali pake, rangi hiyo iache. Itatosha kuikwaruza kwa msasa mwembamba na kupaka juu yake. Vikiondoka na selotepu, hata kama ni vitatu au vinne tu, rangi ya sehemu hiyo haifai kubeba nyingine.

Kwa vipande vyako, basi, rangi uliyoipuliza mwezi wa saba itoke yote, kwa sababu imekwisha kuonyesha kwamba haikushika. Ile ya fedha ya kiwandani iliyo chini yake ipime kwa wembe kabla ya kuihukumu. Maganda yaliyolegea yanyanyue kwa selotepu au kwa ukingo wa kadi ya zamani ya benki, kamwe si kwa bisibisi. Yaliyobaki yalainishe kwa alkoholi ya isopropili, ambayo huuzwa katika maduka ya dawa na kwa mafundi simu. Lowanisha kitambaa cha pamba, kilaze juu ya kipande, kifunike kwa mfuko wa nailoni ili kisikauke, subiri dakika kumi, kisha sugua. Anza na sehemu ya nyuma kwanza uone kama plastiki inaivumilia; ABS kwa kawaida huivumilia. Ukikosa alkoholi hiyo ukapewa spiriti ya kupaka kwenye ngozi, weka tone moja kwenye kioo likauke: spiriti nyingine huongezwa mafuta, na ikiacha ukungu kwenye kioo usiitumie, maana itauacha ukungu huohuo kwenye kipande chako. Kile chenye mikunjo hakitahitaji kimiminika chochote. Kiache kikauke kabisa, kioshe mara mbili kama nitakavyoeleza hapa chini, kisha kisawazishe kwa msasa wa maji namba 320, ufuatie 400, mpaka kidole kikipita juu yake ukiwa umefumba macho kisihisi kilima.

Ipo hali moja tu ambapo nakubali kwamba kila kitu kitoke hadi plastiki ibaki tupu, nayo ni ile ya vipande vyenye utando laini kama mpira ambao kwa miaka umeanza kunata. Utando ule ni wa poliyurethani, na unyevunyevu pamoja na joto huuvunjavunja kidogo kidogo. Hakuna praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, wala rangi itakayokauka salama juu yake. Alkoholi ileile ya isopropili huuondoa, ingawa utamaliza vitambaa vingi. Vipande vya mfano wa mbao ni jambo jingine: picha ya mbao ni utando mwembamba uliofunikwa kwa klia nene, yaani rangi angavu ya kukinga inayopakwa mwisho, na kama klia haijapasuka, sugua msasa upake juu yake bila kuhangaika. Vyenye kromu viache kama vilivyo, kwa sababu rangi haikai vizuri juu ya kromu, na kromu inayobanduka ina kingo kali zinazokata kidole kama wembe.

Sasa nieleze kwa nini rangi yako ilikataa, kwa sababu mambo yaliyovipata vipande vyako viwili ni tofauti, na usipoyatenganisha utayarudia.

Mikunjo hutokea pale mkono wa pili wa rangi unapowekwa wakati wa kwanza umekauka juu lakini bado ni mbichi ndani. Viyeyushi vya mkono wa pili hupenya, huuvimbisha ule wa chini, nao ukikosa pa kupanukia hujikunja. Ndiyo sababu makopo mengi huandikwa kwamba urudie ndani ya saa moja au usubiri siku moja au mbili, na ule muda wa katikati ndio wa hatari. Mikunjo hutokea pia mtu akipuliza rangi ya magari juu ya rangi ya mafuta ya kupakia milango na madirisha. Chagua kopo la praima, la rangi na la klia vya jamii moja, ikiwezekana vya mtengenezaji mmoja, na uamini maandishi ya kopo kuliko maneno ya muuzaji.

Kubanduka kwa maganda kunatokana na kilichokuwa chini ya rangi, na hapa ndipo ningependa unisikilize kuliko mahali pengine popote. Gari lililopita mikononi mwa waosha magari kwa miaka limepakwa polishi ya dashibodi mara nyingi mno. Ule mng'aro unaopendeza ukilipokea gari lako huwa mara nyingi ni silikoni, nayo haitoki kwa kufutwa kwa kitambaa chenye maji. Rangi inayokutana na silikoni hufanya mojawapo ya mawili: ama hukimbia na kuacha vishimo vya mviringo kama matone ya mvua juu ya vumbi, ama hutulia ikaonekana nzuri kisha ikabanduka kama ngozi iliyoungua na jua. Miaka mingi iliyopita nilipokea kipande cha katikati cha pikapu ya mzee mmoja wa Njombe, nikakisugua msasa kwanza ndipo nikakiosha. Vishimo vikajaa. Nikasawazisha, nikapuliza tena, vikarudi palepale; mara ya tatu nikaelewa kwamba msasa wangu mwenyewe ndio ulioichukua polishi iliyokuwa juu na kuishindilia ndani ya mikwaruzo. Tangu siku hiyo sijawahi kugusa kipande kwa msasa kabla hakijaoshwa mara mbili.

Osha, basi, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ukitumia mswaki wa zamani kwenye mifereji na kuzunguka matundu. Suuza, osha tena, suuza, kausha, kisha futa kwa alkoholi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ukifuta kwa kuelekea upande mmoja na kugeuza kitambaa kila mara, maana kurudisha sehemu chafu ni kuupaka uchafu upya. Halafu fanya jaribio la maji: shika kipande kikiwa kimesimama na umwagie maji safi kidogo. Yakiteremka kama shuka moja lisilokatika, kipande ni safi. Yakijikusanya na kuwa matone yanayokimbia, silikoni bado ipo, na huna budi kurudi kwenye beseni hata kama mikono imechoka. Baada ya hapo usikiguse kwa vidole vitupu, kwa sababu kidole nacho huacha mafuta.

Kabla ya yote hayo ni lazima kipande kitoke garini kikiwa kizima, na katika nyanda zetu hizi za juu jambo hili lina namna yake. Asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba plastiki iliyolala nje kwenye baridi ya Mbeya, na zaidi ile ya Njombe au Makete, huwa kavu na dhaifu, na meno ya klipu hukatika kwa mguso mdogo tu. Liache gari juani madirisha yakiwa yamefungwa hadi saa sita au saa saba mchana, ndipo ufungue. Nyanyua kingo kwa kipande cha mbao kilichochongwa bapa, hata mwiko mwembamba uliozungushiwa kitambaa unafaa, ukianza pale penye nafasi kubwa na kusogea klipu moja baada ya nyingine. Kinapogoma usikivute, kuna skrubu umeisahau, mara nyingi nyuma ya redio au chini ya trei ya majivu. Piga picha kwa simu kila hatua, na skrubu ziweke kwenye trei ya mayai, kila tundu na mahali pake, kwa sababu skrubu ndefu ikirudishwa penye fupi hutoboa uso wa kipande kutokea ndani.

Usikaribie mfuko wa hewa wa usalama, ule ambao mafundi huuita eabagi. Kabla ya kuchomoa chochote kilicho karibu na usukani au mbele ya abiria, zima gari, toa ufunguo, ondoa waya wa hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa. Toyota, kwa mfano, hutaka angalau sekunde 90, kwa sababu mfumo ule hubaki na umeme wa akiba. Plagi na nyaya zake kwa kawaida ni za njano, na ukiziona uzipishe. Kifuniko cha mfuko wenyewe kisipakwe rangi kamwe, si cha usukani wala cha abiria, kwani kimetengenezwa kipasuke kwa mstari maalumu, na rangi juu yake huweza kubadili namna kinavyofunguka au kurusha vipande usoni mwa mtu.

Kipande kikiwa mkononi, kigeuze. Nyuma yake, katikati ya alama mbili za mshale, utakuta herufi za aina ya plastiki: ABS, PC+ABS au PP. Hiyo ya mwisho ni polipropilini, nayo ndiyo huwatesa wanaoanza, kwa sababu uso wake haukubali rangi kushika hata ukiwa safi kabisa. Vipande vya chini ya dashibodi na kifuniko cha kisanduku cha mbele ya abiria mara nyingi ni vya jamii hii. Kwa PP huna njia nyingine ila praima maalumu ya plastiki, ile nyepesi isiyo na rangi inayosaidia kushikisha, ipulizwe mkono mmoja au miwili myembamba na kufuatiwa na rangi ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Kwa ABS tupu nashauri itumike pia. Juu ya rangi ya kiwandani iliyoshika haihitajiki.

Msasa wa mwisho kabla ya praima uwe wa maji namba 600, na kabla ya rangi 800, mpaka mng'aro wote wa zamani uishe na uso uwe na sura ya chaki. Sehemu zenye vinundu vya mfano wa ngozi usizisugue msasa, utavikata vichwa. Tumia sponji ngumu ya nyuzi ya kuoshea vyombo pamoja na sabuni, ukibonyeza kidogo.

Kuhusu siku ya kupuliza, mwezi wa saba haukuwa mwezi wako, ingawa haikatazwi ukijua saa. Rangi nyingi za kopo hutaka joto la nyuzi 15 hadi 25. Kopo likiwa baridi gesi yake hupungua nguvu, rangi hutoka kwa matone makubwa, na uso huwa kama ganda la chungwa. Fanya kazi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kipande na kopo vyote viwili vikiwa vimeshinda ndani penye joto. Kopo unaweza kulitumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kiasi cha kuogeshea mtoto mchanga, kwa dakika kumi. Lisipelekwe jikoni wala kwenye maji ya moto, kwa kuwa makopo haya hayapaswi kupita nyuzi 50. Masika yana shida nyingine. Kati ya mwezi wa kumi na moja na wa nne, siku yenye ukungu na manyunyu, unyevunyevu huganda kwenye rangi inayokauka na kuifanya iwe na weupe kama wa maziwa. Siku kama hiyo acha. Mwezi wa nane na wa tisa adui ni upepo wa vumbi: mwagia maji sakafu, na uweke kipande ndani ya boksi kubwa la katoni lililofunguliwa upande mmoja.

Jambo moja nalisema kwa uzito, kwa sababu ninajua jinsi nyumba zetu zinavyopashwa joto. Usipulize rangi katika chumba chenye jiko la mkaa, wala usiwashe jiko ili rangi ikauke. Gesi inayosukuma rangi kutoka kwenye kopo hulipuka, na mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyonuka. Fungua mlango na dirisha, vaa barakoa yenye vichujio vya kaboni, kwani ile ya kitambaa huzuia vumbi tu na kuupitisha mvuke. Na muuzaji akikupa klia ya kuchanganya na hadina, yaani kigumishi, kwa ajili ya kung'aa zaidi, ikatae. Hadina hizo huwa na kemikali iitwayo isosayaneti, ambayo huweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na hiyo ni kazi ya mpiga rangi mwenye chumba na vifaa vyake.

Upulizaji wenyewe ni mfupi kuusimulia. Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30, anza kubonyeza kabla hujafika ukingoni na uachie baada ya kuupita, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza uwe hafifu kiasi kwamba bado unauona uso wa chini, na uvumilie usirudie palepale. Acha dakika 10 hadi 15, weka wa pili, kisha wa tatu. Rangi ya fedha ina chembe za alumini, hivyo vipande vyote vipulizwe kwa kuelekea upande mmoja, la sivyo kimoja kitaonekana cheusi zaidi kikikaa karibu na mwenzake. Klia ifuate ndani ya muda wa kopo, mikono miwili, na nakusihi uchague isiyong'aa au yenye mng'aro hafifu. Ukitoka Makambako kurudi Mbeya alasiri unaelekea magharibi na jua liko usoni. Kipande kinachong'aa karibu na kioo cha mbele hujirudisha kwenye kioo hicho kama taa, na barabara ile ina malori mengi mno kwa dereva kupoteza hata nukta moja ya kuona.

Rangi itaguswa bila kushika kidole baada ya nusu saa, lakini hiyo si kukauka. Kwa baridi ya huku viache vipande wiki nzima ndani ya nyumba, mahali pasipo vumbi, mbali na jua kali la moja kwa moja, kwa sababu joto la ghafla huchemsha viyeyushi vilivyobaki ndani na kutoa malengelenge. Bonyeza ukucha sehemu ya nyuma ulikopita na rangi: ukiacha alama, ongeza siku. Wakati wa kurudisha, unganisha plagi zote, hasa ya kitufe cha taa za dharura, kabla hujabonyeza klipu ya kwanza, na waya wa betri uwe wa mwisho kabisa. Kisha, kwa miezi miwili ya mwanzo, futa dashibodi kwa kitambaa chenye maji peke yake, na ukilipeleka gari kuoshwa umwambie kijana mapema, kabla hajashika chupa yake, kwamba ndani ya gari hili hapapakwi polishi.